Ukiambiwa mwanao ni mwongo

Karatasi yenyewe ilikuwa moja tu, imepigwa fotokopi hadi herufi zimefifia. Jirani yangu aliniletea nimsomee kwa kuwa miwani yake ilikuwa imevunjika mkono, nami nikamsomea pale barazani kwake: ndoo moja, godoro la futi mbili na nusu, mashuka mawili, sabuni ya kufulia miche mitatu, kandambili, dawa ya meno, ada ya miezi miwili kwa mpigo. Chini kabisa mtu aliongeza kwa kalamu: hakuna simu wala kutembelewa siku 30 za mwanzo, na mzazi asiamini maneno ya mgonjwa.

Mgonjwa alikuwa ndani, amejikunja kwenye mkeka. Miaka 17. Unga alikuwa ameuanza miezi minane nyuma, na katika miezi hiyo nyumba ilikuwa imepungukiwa sufuria, simu ya mama, mtungi wa gesi, na mwisho bati za banda la kuku. Kuku walikuwa wanalala jikoni.

"Hapo pa chini wana maana gani, mdogo wangu?" akaniuliza.

Nikamweleza kwamba kijana mwenye arosto, mateso ya kukosa unga, husema lolote ilimradi atolewe, kwa hiyo wenye nyumba ya tiba atakakopelekwa wanamkinga yeye mama asije akalainika. Niliyasema hayo kwa ufasaha wa mtu ambaye mwanawe amelala kwake, salama, ametandikiwa shuka.

Siku ya kumi na moja kijana aliazima simu ya muuza maji wa mkokoteni. Akamwambia mama yake kwamba amefungwa mnyororo mguuni, kwamba "wakubwa" wa nyumba wanampiga fimbo, kwamba analala chumba kimoja na watu wazima aliowahi kuwaona maskani wakijidunga. Mama akapiga simu ofisini. Aliyepokea hakukasirika wala hakukana. Alicheka kidogo, kwa upole kabisa. "Si tulikwambia, mama? Huo ni ugonjwa unaongea. Ukimsikiliza, utamzika." Mama akaniita, nami nikamwambia avumilie. Siku 30 zilipotimia kijana alirudi na kovu lililozunguka kifundo cha mguu wa kulia mithili ya bangili.

Nyumba ile siitaji. Mnyororo ubaya wake unajulikana, hata mpita njia ataulaani. Ila mnyororo ule usingekaa mguuni siku 30 bila yale maneno ya kalamu, na mimi ndiye niliyeyasoma kwa sauti na kuyatetea. Tangu hapo nimekuwa nikiyafuatilia maneno hayo yametoka wapi, na nimekuta yamesafiri kuliko nilivyodhani.

Nitangulize haki kwanza. Nyumba za upataji nafuu, soba kwa lugha ya mtaani, zimeokoa watu. Ukanda wetu wa pwani, kuanzia Dar es Salaam na Tanga, Unguja, hadi Mombasa na Malindi, umekaa na heroini kwa zaidi ya miongo miwili, na kwa muda mrefu serikali zetu zilimjua teja kama mteja wa polisi tu. Waliofungua nyumba hizi wengi walikuwa mateja wenyewe waliopata nafuu, wakapanga nyumba ya mtu, wakaweka magodoro, wakaanza kuwapokea wenzao. Hawakusubiri bajeti. Ninao rafiki wawili walio hai leo kwa sababu ya nyumba hizo, na mmoja wao atanipigia simu Jumapili hii kunilaumu kwa makala haya. Namsubiri.

Kinachofundishwa humo kwa sehemu kubwa ni hatua 12. Zilizaliwa katika harakati iliyoanza Akron, Ohio, mwaka 1935, dalali mmoja wa hisa na daktari mmoja wa upasuaji, walevi wote wawili, walipogundua kwamba wakikaa na kuzungumza hawanywi. Sharti la kujiunga lilikuwa moja tu, nia ya kuacha. Unaingia kwa miguu yako, unatoka ukitaka, hulipi ada, hakuna anayekufungia mlango.

Lakini mti ule una tawi lingine. Charles Dederich alikuwa mlevi aliyepata nafuu kupitia wenzake wale wa hatua 12, kisha mwaka 1958 akaanzisha Synanon huko California, nyumba ya kuishi waraibu. Humo tiba ilikuwa duara ambalo mmoja anawekwa katikati, au anaelekezewa vidole, na wengine wanamtukana, wanamfokea, wanamvua nguo za heshima moja baada ya nyingine hadi alie. Kulia kulihesabiwa kuwa ni kupona. Kujitetea kulihesabiwa kuwa ni uongo wa ugonjwa. Miaka ilivyokwenda nyumba ikageuka himaya, na mwaka 1978 wafuasi wake wawili wakamtilia nyoka mwenye njuga ndani ya sanduku la barua wakili aliyekuwa akiwashitaki. Wakili aliumwa, akapona. Nyoka yule alikuwa ameondolewa njuga zake mkiani ili asisikike.

Synanon ilikufa, mtindo wake haukufa. Mwaka 1967 mfanyabiashara wa fanicha aliyevutiwa nao, Mel Wasserman, alianzisha hukohuko California shule za bweni zilizoitwa CEDU, safari hii kwa ajili ya watoto: wakaidi, watoro, wenye huzuni, wavuta bangi, yeyote ambaye wazazi wamemshindwa. Baada ya hapo ikakua biashara nzima. Kambi za nyikani huko Utah, mabweni yaliyofungwa, hata Tranquility Bay iliyokuwa Jamaika, ambako Wamarekani walipeleka watoto mbali na macho ya sheria za kwao. Wazazi walikuwa watu waliosoma, wengi wenye fedha, nao walipewa karatasi kama ile ya jirani yangu, imechapwa vizuri zaidi tu: mwanao atakwambia anateswa, usimwamini, anakuchezea akili. Barua zilisomwa kabla ya kutumwa. Simu ilipigwa mfanyakazi akiwa ameketi pembeni, na mtoto akianza kulalamika, laini inakatika.

Mwaka 2007 Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya Marekani ililipelekea Bunge matokeo ya uchunguzi wake. Ilieleza kwamba katika mwaka 2005 peke yake, majimbo 33 yaliripoti wafanyakazi 1,619 wa makao ya namna hiyo kuhusika na matukio ya unyanyasaji. Wachunguzi walichambua pia vifo vya vijana kumi, vingine vya watoto waliokuwa wakisema wanaumwa na kuambiwa wanajifanya.

Haikutosha. Mwezi Aprili 2020, Kalamazoo, Michigan, kijana wa miaka 16 alirusha kipande cha mkate kantini katika makao yaitwayo Lakeside Academy. Wafanyakazi kadhaa wakambana chini, wakamlalia, kwa takriban dakika 12. Alisema hapumui. Simu ya dharura ilichelewa kupigwa. Baada ya siku mbili akafariki hospitali, na daktari aliyechunguza kifo akaandika kuwa ni mauaji. Yapo mengi ya kusemwa hapo kuhusu namna ya kumbana mtu, uzito juu ya kifua, mbavu zisizoweza kutanuka. Mimi nashindwa kutoka kwenye lile neno lake. Watu wazima walimsikia. Kila aliyekuwa juu yake alikuwa na masikio.

Ndiyo maana ninasema kwamba usalama wa nyumba yoyote inayolea na kutibu vijana hauanzii kwenye ukubwa wa vyumba wala vyeti vya ukutani. Unaanzia kwenye jambo dogo kuliko hayo: mtoto akisema, neno lake linafika wapi? Nyumba inayoanza kazi kwa kumfundisha mzazi asimwamini mwanawe imeondoa njuga.

Wenye nyumba watanijibu, na jibu lao si la kubeza: waraibu wanadanganya kweli. Wanadanganya. Yule kijana alimwapia mama yake kwa Msahafu kwamba bati zimeibwa na wezi, kisha akaenda naye polisi kuripoti. Mzazi akifuata kila simu ya machozi hakuna atakayemaliza hata wiki ya kwanza. Hilo nalikubali lote. Lakini tazama nani amepewa kazi ya kupambanua uongo na ukweli. Ni mwenye nyumba, anayeishi kwa ada ya godoro. Kijana akiamuliwa kuwa mwongo, godoro linaendelea kulipiwa. Akiamuliwa kuwa mkweli, anaondoka na ada yake, labda na polisi wanakuja. Hata malaika akiwekwa kwenye kiti hicho, mizani itainama. Kamati ya Fedha ya Seneti ya Marekani ilipotoa ripoti yake Juni 2024, baada ya kuyachunguza makampuni makubwa manne ya sekta hiyo, iliukuta mchezo uleule kwa kiwango cha mabilioni: vitanda vijae, wafanyakazi wapungue, malipo ya serikali yaendelee kuingia.

Tena kupambanua kwenyewe mara nyingine ni kazi ya daktari. Arosto ya unga inatesa, siku tano au saba za kuharisha, kutapika na mifupa kuuma, ila mtu mwenye afya anayepewa maji ya kutosha ni nadra kumuua. Pombe si hivyo. Mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu, au aliyezoea vidonge kama Valium, akikatishwa ghafla anaweza kupatwa na mitukutiko, akaweweseka, akafa. Kwa nje wote wawili wanatetemeka, wote wanalia watolewe. Msimamizi wa zamu aliyepata nafuu mwaka jana, ambaye ugonjwa aliousomea ni wa kwake tu, atawaambia wote wawili wavumilie. Bado sijamtaja mwenye kidole tumbo, au malaria, au kifua kikuu, ambaye ndani ya nyumba ya namna hiyo kila maumivu yake yana jina moja, arosto.

Na kuna hatari inayosubiri nje ya geti. Mwili uliokaa bila heroini mwezi mzima unasahau. Kijana akitoka akarudia kipimo kilekile alichokizoea, kipimo hicho kinaweza kumuua. Nyumba yenye ubora ingemwambia mama hilo waziwazi siku ya kumkabidhi mtoto. Jirani yangu alikabidhiwa mtoto, ndoo na salamu za heri.

Turudi kwenye mlango, na nani anaruhusiwa kuupita. Septemba 2019 polisi wa Nigeria waliingia katika nyumba moja mtaa wa Rigasa, jijini Kaduna, iliyojiita shule ya dini na ya kurekebisha tabia. Waliwatoa wavulana na wanaume zaidi ya 300, baadhi wamefungwa minyororo. Kilichonishangaza ni kwamba wazazi walikuwa wanaruhusiwa kutembelea, kila baada ya miezi mitatu. Hawakuruhusiwa tu kuingia ndani. Walikaa walipotengewa, wakaletewa mtoto.

Kwa ndugu zetu Wasomali jambo kama hilo lina jina, dhaqan celis, kurudishwa kwenye utamaduni. Mtoto wa Minneapolis au London aliyeharibika, au aliyedhaniwa tu kuharibika, anaambiwa anakwenda kumwona bibi. Anajikuta Eastleigh au Mogadishu ndani ya nyumba yenye geti la chuma, na paspoti yake iko kabatini kwa mwenye nyumba. Kwa wazazi ni upendo na hofu vilivyochanganyika, maana wameona watoto wa wenzao wakizikwa kwa risasi na dawa huko ughaibuni. Lakini pana mzazi aliye umbali wa bahari mbili, mtoto asiye na simu, na katikati yao mtu mmoja anayelipwa kila mwezi ili asimulie maendeleo.

Nisije nikaeleweka kwamba haya ni ya watu wakatili. Kule Staffordshire, Uingereza, kati ya mwaka 1983 na 1989, makao ya watoto ya serikali yaliwatenga watoto wasiopungua 132 vyumbani, wamebaki na nguo za kulalia, bila mazungumzo, siku kwa siku, wengine wiki kwa wiki. Mtindo huo uliitwa Pindown. Ripoti ya uchunguzi ilitoka mwaka 1991, na ushahidi mwingi ulikuwa kwenye madaftari ya zamu ambayo wafanyakazi waliyaandika wenyewe, saa baada ya saa. Hawakuficha kitu. Waliamini wanatibu.

Baada ya kashfa nyingi za namna hiyo, Waingereza waliweka kanuni ninayoipenda kuliko zote nilizosoma. Kila makao ya watoto lazima yatembelewe angalau mara moja kwa mwezi na mtu wa nje, asiye na maslahi na nyumba hiyo, naye anazungumza na watoto faragha. Utah nayo, jimbo lililokuwa kitovu cha biashara hii, ilibadili sheria mwaka 2021 baada ya Paris Hilton kwenda kutoa ushahidi mbele ya wabunge juu ya miezi aliyokaa Provo Canyon School akiwa msichana. Miaka zaidi ya ishirini alikuwa amenyamaza. Sasa wakaguzi wanatakiwa kufika mara nne kwa mwaka, kila tukio la mtoto kubanwa kwa nguvu au kutengwa linaripotiwa serikalini, na mtoto ana haki ya kuzungumza na familia yake kila wiki bila kusikilizwa. Sheria ya taifa zima iliyotiwa saini Desemba 2024 ni dhaifu zaidi, kwa sehemu kubwa inaagiza utafiti. Wamarekani nao wana tume zao.

Kwetu, kwa maandishi, hatuko vibaya. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inakataza kumtesa. Kenya ina Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Tanzania ina Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Kenya ina NACADA, na zote mbili zinahusika na nyumba hizi. Kliniki ya methadoni ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011 na Kenya ikafuata mwaka 2014, kwa hiyo kufungiwa ndani si njia pekee tena. Upungufu uko mwisho wa barabara ya vumbi, nyuma ya geti lisilo na kibao, ambako afisa ustawi wa jamii wa kata hajafika kwa sababu hana nauli, na akifika, wenye nyumba wamepigiwa simu jana yake ili matandiko yafuliwe.

Ningeanza na kitu cha bei rahisi. Namba 116 ni ya bure, ni ya kuwasaidia watoto, na inafanya kazi Tanzania na Kenya. Iandikwe kwa rangi ukutani katika kila nyumba inayolaza kijana, na pembeni yake iwepo simu ambayo kijana anaweza kuishika bila kuomba ruhusa kwa mtu ambaye yeye kijana anataka kumshitaki. Najua watakaocheka. Watasema mateja watapiga simu hiyo usiku kucha, watadanganya, watatukana. Wapige. Kupokea malalamiko 50 ya uongo ni kazi ya mchana mmoja kwa mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo.

Mzazi naye asisubiri serikali. Aende saa ambayo hakuaga, aombe kuona choo na mahali mwanawe anapolala, na amwone huyo mwanawe peke yake kwa robo saa. Aulize watoto wanalala na nani. Nimewahi kuuliza hivyo katika nyumba tatu tofauti tangu mwaka jana. Moja walinikaribisha hadi jikoni, wakanipa uji, vijana wakanitania kuhusu kitambi changu. Ya pili walinifungulia baada ya nusu saa. Ya tatu waliniambia nirudi Jumamosi, siku ya wageni, na kupitia tundu la geti niliona mkono wa mtu ukifunga pazia.

Kuhakiki si sawa na kuamini kila kitu, na jirani yangu amejifunza tofauti hiyo kwa gharama kubwa. Kijana alirudia unga wiki tatu baada ya kutoka. Ametimiza miaka 18, sasa anakwenda kliniki kila asubuhi kunywa dozi yake ya methadoni, na mchana anashinda gereji akisugua plagi. Bado ni mwongo kidogo. Mwezi uliopita alisema amelipwa elfu nane, kumbe kumi.

Juzi mama aliniita tena barazani. Ameamua kuandika barua kwa ofisi ya ustawi wa jamii, mwaka mzima baadaye, na miwani mpya anayo, ila mwandiko wangu ameuzoea. Tukaandika tarehe, tukaandika mnyororo, tukaandika fimbo. Nikafika mahali pa kulala: watoto na watu wazima, jumla watu 14, chumba kimoja.

"Kumi na sita," kijana akasema kutoka mlangoni. Sikujua kwamba alikuwa anatusikiliza. "Wawili walikuwa wanalala koridoni."

Nikamtazama mama. Akanichukulia kalamu mkononi, akakata ile 14, akaandika mwenyewe juu yake.